Kabla hujaniambia "nipigie windo upya"

Wengi wanaoniletea kompyuta nzito hapa Majengo, Dodoma, huwa wameshajipima ugonjwa na kujiandikia dawa: "Fundi, nipigie windo upya," yaani nifute kila kitu niweke Windows mpya. Nikikubali, napata hela yangu na mashine inaondoka nyepesi. Wiki tatu baadaye inarudi na lawama, maana kilichokuwa kinaisumbua hakikuguswa.

Juzi alikuja mama mmoja wa Nkuhungu na desktopu ya nyumbani, kaifunga kwenye kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii ukiiwasha, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi, bado inazunguka tu. Asubuhi afadhali. Mchana ndiyo inakufa kabisa."

Hayo ya asubuhi na mchana yalinifanya nishike bisibisi kabla ya kibodi. Nikafungua kasha. Lile pande la alumini lenye mapezi juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, halikuonekana mapezi: vumbi jekundu lilikuwa limejishindilia katikati kama sufi kwenye mto. Feni ilizunguka vizuri, ila hewa haikuwa na pa kupita. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, wala haikuambii. Wewe unaona uzito tu. Na Dodoma yetu hii, Juni mpaka Oktoba hatuoni mvua, upepo kutwa, halafu sipiyu, kasha lote hilo, tunaisweka sakafuni chini ya dirisha!

Ukitaka kusafisha mwenyewe, zima na uchomoe waya ukutani. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa chochote ndani, maana hewa kavu hujaza mwili umeme tuli, na cheche usiyoiona inaweza kuua rami, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Bloa inafaa, lakini zuia feni kwa kidole. Ikizungushwa kwa kasi ya upepo ule inaharibika. Usipulize kwa mdomo, utaingiza mate. Pesti ya prosesa ya mama, ile inayopitisha joto kwenda kwenye alumini, ilikuwa imekauka kama ukoko, nikaifuta kwa spiriti nikaweka tone jipya, si zaidi ya punje ya choroko.

Joto likaisha. Uzito ukapungua, haukwisha.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, dirisha linaloonyesha kila sehemu inafanya kazi kiasi gani. Prosesa inatumika asilimia 9, diski, 100. Hapo hakuna tena cha kubahatisha. Hadidiski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachorukaruka juu yake kutafuta data, na kwa sekunde moja kinamudu miruko kama mia hivi. Windows ikiwaka inadai maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika huku na kule. SSD, diski ya kisasa, haina kinachozunguka, inajibu maombi makumi ya maelfu kwa sekunde hiyohiyo. Ndiyo maana mwenye hela ya kifaa kimoja tu huwa namwambia aanze na SSD. Rami ifuate, kama ana GB 4 na hufungua kurasa ishirini za intaneti kwa mpigo.

Nikahamisha kila kitu kilivyo kwenye SSD ya GB 240. Kwa kuwa Task Manager ilikuwa wazi, nikazima pia programu sita zilizokuwa zinajiwasha na mashine, nikaondoa antivairasi moja kati ya mbili zilizokuwa zinakaguana. Zile programu zinazojitangaza kuwa "zinasafisha kompyuta" nilizikuta tatu. Nilizifuta bila kumuuliza mtu.

Mama aliporudi Jumatatu nikaiwasha mbele yake. Hakuwahi hata kukaa kwenye benchi.

"Umepiga windo?"

"Hapana, mama."

Akainama kwenye skrini. Picha ya harusi ya mwanawe ilikuwa palepale. Nikamwomba jambo moja tu, sipiyu isirudi sakafuni.

"Nitaifungia kwenye kabati la vyombo, vumbi lisiione."

"Kabatini itakosa hewa, mama. Stuli inatosha."