Kukabiliana kwa imani: dini inavyombeba mwanamke anayepigwa na mumewe

Kukabiliana kwa imani ni kutumia dini kubeba jambo lililokuzidi: kuswali, kuleta uradi, kusali rozari, kwenda kwa shekhe au padri, kukaa na wenzako wa dini. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Pargament, ndiye aliyelichambua sana jambo hili, na alionyesha kwamba dini hiyohiyo humnyanyua mmoja ikamdidimiza mwingine. Anayemwona Mungu yuko upande wake hupata pa kupumulia. Anayeamini kwamba vipigo ni adhabu ya dhambi zake anaumia mara mbili.

Mchukue mama wa Mikindani, Mtwara, msimu wa korosho. Pesa za mauzo zimeingia, ameuliza zimekwendaje, amepigwa. Magharibi anatandika mswala, anaswali, anabaki na tasbihi mpaka Isha. Saa ile hana ndugu karibu wala polisi, na dua inamtuliza moyo asijione takataka. Kesho yake darasani kwa akina mama anamvuta shoga yake pembeni, anamwambia. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, kwani sasa yupo mtu wa pili anayejua. Kwa Wakatoliki wa Ndanda, mtu huyo anaweza kupatikana kwenye jumuiya ndogondogo au WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki.

Lakini huyo wa pili akisema tu "vumilia mwanangu, ndiyo ndoa", imani imegeuzwa kufuli. Na dini haimlazimishi kukaa hapo. Qurani, 2:231, inawakataza waume kuwashikilia wake zao kwa kuwadhuru, na mke wa Kiislamu anayo njia ya khului, kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Shekhe au mchungaji anayehimiza subira bila kumuuliza mume kama ameacha kupiga (na wapo, tusifichane) anamsaidia mume.

Kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hakupunguzi imani ya mtu. Mwenye majeraha aombe PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, ijazwe hospitali alama zikiwa bado zinaonekana. Shoga wa darasani anaweza kumsindikiza.