Kimeta na pete zake mbili: maswali ya wafugaji

Plasmidi ndo nini?
Bakteria ana DNA yake kubwa ya kuendeshea maisha, halafu pembeni anaweza kuwa na vipande vidogo vya DNA vya mviringo kama pete, hivyo ndo plasmidi. Bila hivyo anaishi tu, ila mara nyingi ukorofi wote umebebwa humo.

Kivipi?
Chukua kimeta, ule ugonjwa unaamka asubuhi unakuta ng'ombe kalala, damu inamtoka puani na haigandi. Bakteria wake ana plasmidi mbili, pXO1 na pXO2. Ya kwanza ina maelekezo ya sumu, protini tatu, moja inajibandika kwenye seli na kufungua njia, zile mbili zinaingia kuharibu. Ya pili inamvisha bakteria koti, chembe nyeupe za damu zikija zinashindwa kummeza. Sokwe wa msitu wa Taï, Ivory Coast, walikufa kwa kimeta cha bakteria ambaye ni binamu tu wa huyu, kumbe naye alikuwa nazo zote mbili!

Mbona chanjo ni bakteria hai, si itaniulia ng'ombe?
Hai kweli, hujadanganywa. Miaka ya 1930 huko Onderstepoort, Afrika Kusini, daktari wa mifugo Max Sterne alipata kimeta kisicho na koti, baadaye sana ndo ikajulikana kimepoteza pXO2. Sumu bado anatengeneza, mwili unajifunza kupambana nayo, ila hana koti so anamezwa mapema. Hiyo hiyo ndo inachomwa mpaka leo. Angalizo, ng'ombe akiwa kwenye dozi ya antibayotiki usimchanje, dawa itaua chanjo.

Ng'ombe kashakufa, tuchune tugawane?
Hapana jamani, hata kumpasua "tuangalie tu" usijaribu, bakteria wakipata hewa wanajigeuza spora, yaani bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu, zinazokaa kwenye udongo miaka na miaka na mifugo ya kesho itakula majani hapo hapo. Muite mtaalamu wa mifugo.

Mimi nilishachuna wiki iliyopita?
Jikague mikono. Kinaanza kipele kama umeumwa na mbu, kinawasha, kinajaa maji, halafu katikati panakuwa peusi tii na hapaumi, sasa kwa sababu hapaumi watu wanapaka mafuta wanaendelea na kazi. Ukiona hivyo nenda hospitali leo leo na useme kabisa kwamba ulichuna mzoga, antibayotiki zinatibu ukiwahi.