Kwa nini siandiki jina la Hallervorden

Mwaka jana, baada ya kumweleza mama mmoja majibu ya MRI (picha ya ubongo) ya mwanawe, aliniambia: "Dokta, niandikie jina la huo ugonjwa, nikifika nyumbani nitausoma." Nikaandika herufi nne: PKAN. Vitabu nilivyosomea viliuita Hallervorden-Spatz, na wapo wenzangu wanaouita hivyo hadi leo kwa mazoea. Mimi niliacha.

Ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huanza kujikwaa, kisha misuli inakaza na kumpinda viungo, maneno yanakuwa mazito, na wengi hufika mahali wasiweze tena kutembea. Madini ya chuma hujikusanya ndani kabisa ya ubongo, kwenye sehemu inayosimamia mwendo. Kwenye picha sehemu hiyo huonekana nyeusi yenye doa jeupe katikati. Tunaiita jicho la chui milia. Wajerumani wawili, Julius Hallervorden na Hugo Spatz, ndio waliouelezea mwaka 1922, kutokana na familia moja iliyokuwa na mabinti watano wagonjwa. Kazi ile ilikuwa makini, na sina cha kuidai.

Mwaka 1938 Hallervorden alipewa idara katika Taasisi ya Kaiser Wilhelm ya Utafiti wa Ubongo, Berlin-Buch, ambayo mkurugenzi wake alikuwa Spatz. Kuanzia Januari 1940 hadi Agosti 1941, serikali ya Hitler iliua kwa gesi zaidi ya wagonjwa 70,000 waliotolewa kwenye hospitali za akili na makao ya walemavu. Mpango huo uliitwa T4. Baada ya hapo mauaji yaliendelea kimyakimya mahospitalini, kwa dawa na kwa njaa. Desemba 1942 Hallervorden aliripoti kwamba kiangazi kile alikuwa ameweza kupasua bongo 500 za watu aliowaita wenye akili dhaifu.

Vita vilipokwisha, mwaka 1945, daktari wa jeshi la Marekani, Leo Alexander, alimfuata na kumhoji. Hallervorden hakuficha kitu. Alisimulia kwamba aliposikia wagonjwa wale watauawa, aliwaendea wahusika na kuwaambia kuwa kama ni kuua, basi angalau bongo zihifadhiwe. Walipomuuliza anaweza kupokea ngapi, alijibu kuwa hakuna kikomo, zikiwa nyingi zaidi ndivyo bora. Akawapa dawa ya kuhifadhia, chupa na masanduku, na maelekezo ya namna ya kuzitoa.

Wanaomtetea husema watu wale wangekufa tu, pamoja naye au bila yeye. Mimi ninayeshika mafaili ya watoto kila siku siwezi kuukubali utetezi huo. Alikwenda kabla. Alijua watu wangali hai. Na chupa zilizopelekwa zikiwa tupu zilikuwa zinamsubiri mtu fulani ambaye asubuhi ile alikunywa chai yake kama kawaida. Tena miongoni mwa waliouawa walikuwemo watoto wa aina ile ile ya mwana wa mama yule: wanaotetemeka, wasiosema sawasawa, wasioweza kujilisha. Ndiyo maana kumbandika mtoto kama huyo jina la Hallervorden kunanichoma.

Hakushtakiwa. Mwaka 1953 Waholanzi walipinga kushiriki kwake katika mkutano wa kimataifa wa Lisbon, lakini mwaka 1956 Ujerumani Magharibi ilimpa nishani ya heshima. Alifariki mwaka 1965. Vipande vya bongo vilibaki kwenye mikusanyo ya taasisi iliyorithi kazi ile, ya Max Planck, vikachunguzwa chini ya hadubini kwa miaka mingi kama sampuli nyingine yoyote. Ndipo mwaka 1990 sehemu kubwa ikazikwa kwenye makaburi ya Waldfriedhof, Munich.

Jeni inayosababisha ugonjwa, PANK2, iligunduliwa mwaka 2001. Inahusu namna mwili unavyoitumia vitamini B5, ambayo kitaalamu huitwa pantothenate, na kutoka humo ndimo lilimotoka jina la PKAN. Kitabibu ni jina bora hata kama Hallervorden angekuwa mtu mwema, kwa kuwa linataja chanzo.

Lakini mazishi yale ya 1990 yalifanywa kabla ya kujua kwa uhakika nani ni nani. Vipande vingine vilikuja kuonekana baadaye, na mwaka 2017 watafiti walianza kulinganisha slaidi (vioo vyenye vipande vya bongo) na mafaili ya zamani ya wagonjwa, moja baada ya nyingine, kutafuta majina ya wenyewe.