Maana ya njia ya hewa ngumu

Njia ya hewa ni mapito ya pumzi kutoka puani na kinywani hadi mapafuni. Madaktari wa dharura huiita ngumu pale ambapo hata mtaalamu aliyeizoea kazi anapata shida, au anaitarajia, katika kumpulizia mgonjwa hewa kwa barakoa na mfuko, au katika kumtia mrija ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni.

Tumchukue mchumaji karafuu wa Pemba aliyeanguka mtini akafikishwa hospitalini Mkoani hana fahamu. Ulimi umelegea ukaziba koo, mdomo umejaa damu, na shingo haifai kuchezwa kwa kuwa huenda imevunjika, ilhali kuiweka shingo na kichwa katika mkao maalumu ndiko kunakomsaidia daktari kuziona nyuzi za sauti. Basi damu hufyonzwa, taya likasukumwa mbele, na msaidizi akakishika kichwa kwa mikono miwili kisitikisike.

Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa huvutishwa oksijeni kwa dakika 3 hivi, ipate kushika nafasi ya naitrojeni iliyomo mapafuni. Mtu mzima mwenye afya aliyejazwa hivyo huweza kustahimili takriban dakika 8 bila kupumua; mtoto, mjamzito, mtu mnene na majeruhi huishiwa mapema zaidi. Kushindwa kutia mrija peke yake hakumuui mtu. Kinachomuua ni kukosa oksijeni huku daktari angali anang'ang'ania, na kila jaribio huzidi kulivimbisha koo. Hurudiwa barakoa, au hutumiwa kifaa cha mpira kinachokaa juu ya zoloto. Vyote vikishindikana, hupasuliwa utando mwembamba ulio chini kidogo ya kikoromeo, mrija ukapitishwa hapo. Jambo la kutisha, lakini kulichelewesha ni hatari zaidi.

Safari ya kwenda Unguja huongeza ugumu wake. Ndani ya boti au ndege ndogo nafasi ni finyu, na mngurumo wa injini huimeza sauti ya mapafu, hivyo kipimo cha kaboni dayoksaidi katika pumzi inayotoka ndicho kinachoonyesha kwamba mrija haujahamia umioni, njia ya chakula. Angani, hewa iliyo katika kiputo cha mrija, kifuko kidogo kinachouzunguka, hutanuka na kuweza kuliumiza koo, kwa hiyo shinikizo lake hupimwa tena. Uamuzi wa kutia mrija hufanywa nchi kavu, kisha mrija ukafungwa barabara na kuandikwa umefika sentimita ngapi kwenye meno, kwani tuta moja la barabarani laweza kuuchomoa.