Matengenezo ya ratiba melini: maana yake, na kwa nini kila kazi huandikwa

Matengenezo ya ratiba ni kazi zinazofanywa kwenye mitambo na vifaa vya meli kabla havijaharibika, kwa muda uliopangwa, kisha zikaandikwa. Kubadilisha filta ya oili, kupaka grisi waya za mashua za kuokolea, kuwasha jenereta ya dharura kuona kama itaitika: yote hayo yamo. Kufungua pampu iliyokwama katikati ya safari hakumo. Hayo ni matengenezo ya dharura, na meli inayohangaika nayo kila wiki ina ratiba ya kwenye karatasi tu.

Meli ikishang'oa nanga, spea ni zile zilizopakiwa na mafundi ni wale waliomo. Kwa hiyo suala hili halikuachiwa hiari ya wenye meli. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa usalama wa meli, ijulikanayo kwa kifupi ISM, ilianza kuwa ya lazima tarehe 1 Julai 1998 kwa meli za abiria, za mafuta na za shehena kichele (mzigo usiofungashwa, kama nafaka au makaa), na mwaka 2002 kwa meli nyingine za mizigo za tani 500 na zaidi. Sehemu yake ya 10 inaitaka kampuni iwe na utaratibu wa matengenezo, ukaguzi ufanyike kwa vipindi vinavyofaa, kasoro ziripotiwe, zirekebishwe, na kumbukumbu zitunzwe.

Muda huhesabiwa kwa kalenda au kwa saa za kazi. Kifaa kinachokaa bila kutumika nacho huliwa na chumvi, hivyo huhesabiwa kwa kalenda: injini ya mashua ya kuokolea huwashwa kila wiki kwa dakika 3 au zaidi, na waya za kuishushia hubadilishwa kabla ya kupita miaka 5, hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Mtambo unaozunguka kila siku huhesabiwa kwa saa unazofanya kazi, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza. Kitabu hicho ni mwanzo tu. Mhandisi anayeona filta zinaziba mapema kwa sababu ya mafuta machafu hasubiri saa zitimie.

Chumba cha injini kiko chini ya mhandisi mkuu, ingawa mara nyingi mhandisi wa pili ndiye anayegawa kazi asubuhi. Sitaha ni ya afisa mkuu, naye serahangi, yaani kiongozi wa mabaharia, na watu wake ndio wanaokwangua kutu na kupaka rangi. Siku hizi ratiba hukaa kwenye programu ya kompyuta.

Sasa, kumbukumbu. Mabaharia hubadilishana kila baada ya miezi kadhaa, na anayeingia huenda asionane na aliyetoka zaidi ya saa chache. Chukua pampu ya maji ya kupozea injini. Mmoja anaandika: "Imekaguliwa, iko sawa." Mwingine anaandika: "Saa 7,850. Beringi ya upande wa mota ilikuwa na mlio, imebadilishwa. Sili inavuja matone machache, itazamwe tena mwezi ujao. Beringi ya akiba imebaki moja." Wa pili amemwachia mwenzake kazi ya kufanya na spea ya kuagiza. Wa kwanza hakumwachia kitu. Mbaya zaidi ni anayetia alama ya "imefanyika" bila kugusa spana, maana kazi iliyochelewa walau inaonekana kwenye orodha, ila ya uongo imefichika. Mkaguzi wa bandari mzoefu huwa haridhiki na orodha safi: anaweza kuchagua kazi moja, akaomba aonyeshwe spea iliyotolewa stoo, kisha akateremka kukitazama kifaa chenyewe.

ISM inadai pia vifaa ambavyo vikiacha kufanya kazi ghafla vinahatarisha meli vitambuliwe, na vile vya akiba vijaribiwe mara kwa mara. Tarehe 23 Machi 2019 meli ya abiria Viking Sky, ikiwa na watu 1,373, ilipoteza nguvu ya injini kwenye dhoruba karibu na miamba ya pwani ya Norwei. Jenereta moja kati ya nne zilizotoa umeme wa kuisukuma meli ilikuwa haifanyi kazi, ikisubiri matengenezo. Uchunguzi ulionyesha kwamba oili kwenye matangi ya zile tatu zilizobaki ilikuwa chini ya kiwango, na meli ilipoyumba pampu zikashindwa kuivuta, jenereta zikazimika. Kuangalia kiwango cha oili ni kazi ambayo hupewa hata mwanagenzi.

Kuahirisha kazi kunaruhusiwa, na pengine ni busara, kwa mfano hali ya hewa ikiwa mbaya au spea haijafika. Lakini sharti iandikwe sababu, nani ameidhinisha, tahadhari gani imechukuliwa kwa sasa, na tarehe mpya. Kifaa kikiwa kimoja cha vile ambavyo kuharibika kwake kunahatarisha meli, kampuni nyingi hutaka idhini itoke ofisini nchi kavu, si kwa mhandisi mkuu peke yake.