Kidonda sugu cha mguu kwa kijana: chanzo kinaweza kuwa kromosomu

Swali: mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Ana kidonda upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Kinafunga, kinafumuka. Sukari hana. Nyumbani wanasema kakanyaga tego.

Jibu: tego tuliweke kando. Kidonda cha mahali hapo mara nyingi hutokana na vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Ndani yake mna vali zinazozuia damu isishuke. Vali zikilegea, au zikiharibiwa na damu iliyoganda, damu hutuama chini: mguu huvimba jioni, ngozi hugeuka nyeusi, ikakakamaa na kuwasha, na mkwaruzo mdogo tu huzaa donda.

Huu kwa kawaida ni ugonjwa wa wazee. Akiupata kijana, tafuteni sababu. Kwetu Afrika Mashariki apimwe kwanza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, maana nayo huleta vidonda hapohapo. Ikikosekana, mwangalieni mwili wote, si mguu peke yake: ndevu ni haba? Matiti yamejaa? Miguu mirefu kuliko kiwiliwili? Korodani ni ndogo na ngumu? Ameoa muda mrefu bila mtoto? Hapo daktari afikirie sindromu ya Klinefelter.

Ndiyo nini hiyo?

Kromosomu ni vijiuzi ndani ya seli za mwili vinavyobeba urithi. Mwanamume huwa na kromosomu X moja na Y moja. Huyu amezaliwa na X ya ziada, yaani XXY. Daktari Mmarekani Harry Klinefelter alieleza dalili zake mwaka 1942, na X hiyo ikagunduliwa Uskoti mwaka 1959. Huwapata takriban mtoto 1 kati ya wavulana 600, na wengi huzeeka bila kujua. Hutokea kwa bahati tu yai au mbegu inapotengenezwa, kwa hiyo mama asisutwe. Na huyo ni mwanaume, maneno ya mtaani yasiwatishe. Kipimo ni cha damu, kinachohesabu kromosomu.

Inahusiana vipi na mguu?

Katika tafiti mbalimbali, kati ya wanaume 6 na 13 katika kila 100 wenye hali hii walikuwa na vidonda vya miguu. Damu yao huganda kwa urahisi zaidi ndani ya vena. Baadhi yao wamekutwa na kiwango kikubwa cha protini inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Homoni ya kiume, testosteroni, huwa chini, na uzito huongezeka.

Tunafungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyizia ule unga. Tuendelee?

Acheni. Unga huganda juu ya kidonda, unaweza kuleta mzio, na huzoesha vijidudu dawa. Oshea maji safi ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa kisichong'ang'ania nyama. Kinachoponyesha hasa ni bandeji ya kubana, kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti, ikaze zaidi kwenye kifundo. Lakini asifungwe kabla mhudumu hajapima mapigo ya damu ya mguuni: ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, zikiwa zimeziba, kubana kunaweza kuua mguu. Akipumzika, mguu uwe juu kuliko moyo. Atembee, asisimame mahali pamoja kutwa.

Sindano za homoni je?

Husaidia mifupa, misuli na nguvu. Wapo walioripotiwa kupona vidonda baada ya kuzianza, ila hazichukui nafasi ya bandeji. Damu ipimwe mara kwa mara, kwani testosteroni huweza kuifanya nzito. Anayetaka mtoto aseme kabla ya sindano ya kwanza: homoni hiyo hupunguza utengenezaji wa mbegu, na baadhi yao mbegu hupatikana kwa upasuaji mdogo wa korodani.

Lini tukimbilie hospitali?

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikikatika na kifua kuchoma: huenda damu imeganda, msingoje asubuhi. Kidonda cha miezi mingi kikiinua kingo au kuota nyama, kikatwe kipande kipimwe saratani.