Anwani ya IP ni Kama S.L.P., Haioneshi Mlango Wako

Mama mmoja anayeuza nafaka Soko la Majengo alikuja kwetu ameshika simu, hofu imemjaa. Barua pepe yake ilikuwa imemwarifu kwamba kuna aliyeingia kwenye akaunti yake kutoka Dar es Salaam, na yeye wiki nzima hakutoka Dodoma. Mdogo wake anaishi Kinondoni. Alikwishampigia simu kumtuhumu. Tulipousoma ujumbe ule pamoja, aina ya simu iliyotajwa ilikuwa ile ile aliyoishika, na saa iliyoandikwa ndiyo saa aliyoingia yeye mwenyewe asubuhi, akiwa dukani.

Nasi tunaofundisha masuala ya mitandao tunakutana na kisa cha namna hii mara kwa mara, na kinaniuma, maana kinagombanisha ndugu bure.

Mahali panapotajwa kwenye onyo kama lile hukisiwa kwa anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti. Kinachotupotosha ni neno lenyewe, anwani. Fikiria sanduku la posta la shule: barua za mwalimu mkuu, za mpishi na za wanafunzi wote hupitia S.L.P. moja. Anayeandika anajua barua itafika posta gani, lakini hajui nani analala bweni lipi. Anwani za IP za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, wala hazitoshi. Ndiyo maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Barani Afrika anwani hizo hugawiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na wanaopewa ni mashirika na kampuni, kisha wao ndio wanaowahudumia watu. Nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy huingilia nchini Dar es Salaam, na mara nyingi mawasiliano ya simu iliyopo Dodoma hutokea huko kwenda nje. Tovuti ya nje huona pale yalipotokea, kilomita zipatazo 450 kutoka ulipo.

Zipo kampuni zinazotengeneza orodha za kuoanisha anwani hizi na mahali. Nchi huipata mara nyingi. Mji huukosea sana. Kosa lake linaweza kumwangukia mtu asiyehusika kabisa. Kampuni ya Marekani iitwayo MaxMind, ilipojua tu kwamba anwani iko Marekani bila kujua mji, iliielekeza kwenye nukta moja karibu na katikati ya nchi hiyo. Nukta hiyo iliangukia shamba moja jirani na mji mdogo wa Potwin, jimbo la Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikaelekezwa pale. Kwa miaka mingi familia iliyokuwa ikiishi shambani humo ilifikiwa na polisi na watu wenye hasira, ikituhumiwa wizi na utapeli isioujua. Chanzo kilibainika mwaka 2016, baada ya mwandishi wa habari kufuatilia, na kampuni ikaihamishia nukta hiyo ziwani.

Sisi wa kanda ya kati tusilione hili kuwa la mbali. Nukta inayotajwa mara nyingi kuiwakilisha Tanzania nzima ni nyuzi 6 kusini na nyuzi 35 mashariki. Itafute kwenye ramani: iko kati ya Bahi na Manyoni. Mwizi aliyeko Mwanza anaweza kuonekana yuko huko, kwenye boma la wafugaji wasio na habari naye.

Basi mahali palipotajwa kwenye onyo pasikutishe peke yake. Angalia kifaa na saa. Kama kifaa hukijui, badilisha nywila siku hiyo hiyo na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mbali na nywila, anayeingia aombwe uthibitisho mwingine, kama namba inayotumwa kwenye simu yako.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwingine. Nilimwomba mama yule tufungue mipangilio ya simu, sehemu ya mahali. Programu ya tochi ilikuwa na ruhusa ya kujua alipo wakati wote. Hapo hakuna kukisia: simu husoma setilaiti za GPS na, mahali pa wazi, hukosea kwa mita kama 5 tu. Majengo yakizuia anga, hujazia kwa minara ya simu na Wi-Fi za jirani. Hiyo ni sawa na kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa mlangoni pako. Mwaka 2013 mamlaka za Marekani ziliichukulia hatua programu ya tochi iliyokuwa ikipeleka taarifa za mahali pa watumiaji kwa mitandao ya matangazo bila kuwaeleza.

Tochi haihitaji kujua unapoishi. Ramani na huduma ya bodaboda zipe ruhusa wakati unapozitumia tu. Nyingine zinyime, na ukiona programu imegoma kuwaka bila ruhusa hiyo, ifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitaka kwa kazi gani, na asipofanya hivyo unaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukienda, beba picha ya skrini inayoonesha jina la programu na ruhusa iliyoomba.